UZI: Bandari ikihama Shimanzi na Mbaraki, ufuo utabaki wa nani?

Baharia Mstaafu (mwenye uzi)

Salaam aleikum wana Mvita, na nyinyi wa Likoni na Changamwe msijione mmesahauliwa.

Miaka ishirini na minane nimeila baharini, sehemu kubwa kwenye meli za mizigo. Wiki iliyopita nilitembea kwa miguu kutoka Makupa, nikashuka Shimanzi, nikatokea Mbaraki. Godauni mbili tatu nilizozijua zikinukia chai na kahawa zimetiwa kufuli, na kufuli zenyewe zimeliwa na kutu. Reli za ndani zimeota nyasi, mbuzi walala juu yake. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: "Ardhi hii haiuzwi." Mtu wa Mombasa akiona maandishi hayo ajua tayari kuna wawili wanaoiuza.

Kijana wa kijiweni akaniambia, "Babu, hapa miaka kumi ijayo ni Dubai." Nilicheka, lakini usiku usingizi haukuja. Bandari zilizogeuzwa mitaa nimeziona kwa macho yangu. Nyingine zilipendeza, nyingine ziliwatupa nje wenyewe. Nataka tuzungumze kabla hatujaletewa picha ya kompyuta yenye minazi iliyonyooka na watu wanaokunywa kahawa bila jasho.

Tuanze hapa: bandari haihami kwa kupenda, inafuata meli. Jahazi lilipotia nanga Bandari ya Kale, karibu na Ngome, maji yalilitosha. Zikaja meli za mvuke, ikaja reli ya Uganda iliyoanza kujengwa hapa 1896, na katika miaka ya 1920 zikajengwa gati za maji makuu upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, ambako jina lenyewe lakwambia kina chake. Kwa hivyo sisi tumeshahamwa na bandari mara moja. Nendeni Bandari ya Kale leo muhesabu majahazi, hamtamaliza vidole.

Sasa zamu ya kontena. Kontena halitaki godauni, lataka uwanja, na uwanja kisiwani hakuna. Ndiyo kituo cha pili cha makontena kikajengwa Kipevu, upande wa bara, awamu ya kwanza ikamalizika 2016 na ya pili 2022. Mwaka huo huo wa 2022 gati mpya ya mafuta ikaanza kazi katikati ya maji kule Port Reitz, yenye nafasi ya meli nne kwa pamoja, ikapokea kazi ya ile ya 1963. Dongo Kundu nako kwatayarishwa eneo maalumu la kiuchumi. Sisemi Kilindini yafungwa. Gati za kisiwani zafanya kazi usiku na mchana, na mimi nyumbani kwangu nasikia honi za meli kabla ya adhana ya alfajiri. Nasema vile vilivyo nyuma ya gati: yadi za reli, magodauni, karakana, matangi. Hivyo vyapungukiwa kazi kimoja kimoja, na kila kimoja kuna mtu anayekikodolea macho.

Hamburg tuliingia mara nyingi. Miaka ya themanini kulikuwa na godauni moja la matofali, Kaispeicher A, la kuwekea kakao, chai na tumbaku. Kwa nje ungedhani ni gereza. Leo juu ya godauni hilo pameketi ukumbi wa muziki wa vioo, Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017 baada ya kula fedha za mji mara nyingi zaidi ya zilizotajwa mwanzo. (Ati Wajerumani hawakosei hesabu.) Ukumbi huo ndio hupigwa picha. Mimi kilichonishika ni hati za ardhi.

Meya wao alitangaza mpango 1997: eneo la hekta 157 kando ya maji, waliite HafenCity. Ardhi karibu yote ilikuwa mikononi mwa mji, na kampuni inayosimamia ni ya mji. Tajiri akitaka kiwanja hauziwi siku hiyo. Hushikiwa kwa muda, mwaka hivi na zaidi, alete michoro, ipambanishwe na michoro mingine, atafute kibali cha kujenga. Mpaka kibali kitoke, kiwanja ni cha mji. Akizembea, chamwondoka. Na fedha za kuuza viwanja mwanzoni zilikusudiwa kusaidia kujenga kituo kipya cha makontena huko Altenwerder, yani bandari ya zamani ilinunua bandari mpya.

Sasa linganisheni na kwetu, mtu anunua kiwanja, azungushia mabati, aweka askari na mbwa, angoja wajukuu waje kukiuza.

Swali langu: Shimanzi na Mbaraki zikigeuzwa mtaa, nani atashika hati, na mimi nitapita wapi nikitaka kutia mguu majini?


Dalali Mpole

Shikamoo mzee. Nasoma kwa heshima, lakini nina neno.

Kazi yangu ni nyumba na viwanja, kwa hivyo mtasema navutia kwangu. Sawa. Lakini semeni kweli, godauni lenye mbuzi lamfaidi nani? Kisiwa hiki ni kidogo, vijana wapanga chumba kimoja wanne. Mwacheni mwenye fedha ajenge. Ghorofa ishirini zikisimama Mbaraki kuna kazi za mafundi, walinzi, wafagiaji, wapishi. London walikuwa na gati zilizokufa kabisa, wakaja wawekezaji, leo Canary Wharf ni mabenki matupu. Hatukuhitaji serikali ishike kila hati.


Ramani na Rula

Dalali, hiyo London umeisimulia kuanzia mwisho.

Mimi ni mtu wa mipango miji, nafanya kazi za kuajiriwa hapa na pale, siwakilishi ofisi yoyote. Gati za mwisho kubwa za mashariki ya London zilifungwa 1981, kazi zikashuka mto kwenda Tilbury kwa sababu ile ile ya kontena aliyoitaja mzee. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ikaunda shirika la kuendeleza Docklands, ikalipa mamlaka ya kupanga, ikayanyang'anya mabaraza ya mitaa. Yani "soko huria" lako lilianza na serikali kutwaa. Wakaazi walikuwa watoto na wajukuu wa makuli. Mwaka 1984 walipakia mabango kwenye matishari, wakapanda mto Thames hadi mbele ya Bunge kudai nyumba na kazi. Kampuni iliyojenga Canary Wharf, Olympia & York, ilifilisika 1992 minara ikiwa nusu tupu. Kilichouokoa mtaa ule, zaidi ya minara, ni reli: ile nyepesi ya 1987 na baadaye ile ya chini ya ardhi ya 1999, zote kwa fedha nyingi za umma.

Sasa tazama Mbaraki. Barabara ya kuingilia ni ile ile ya kwenda kivuko cha Likoni, ambacho huvusha watu kama laki tatu kwa siku. Weka hapo familia elfu tano zenye gari moja moja. Saa kumi na mbili jioni utakuwa umejenga maegesho, hujajenga mtaa.

Na maji? Mji huu wanywa kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na bado mikokoteni ya mitungi yapita hadi Ganjoni. Hili silirefushi, kila mmoja ana ndoo yake.


Bintiye Kuli

Nimesoma nikatokwa na machozi, na si machozi ya Dubai.

Babangu alikuwa kuli, gengi la usiku, miaka ya sitini hadi themanini. Alikuwa akirudi asubuhi na magadi shingoni, ngozi yakatika, mama amwosha kwa mafuta ya nazi. Magunia ya kahawa walibeba mgongoni. Winchi ilipokuwa ikikwama walikuwa wakiimba, na nyimbo zile zilikuwa na matusi ambayo mama alitukataza kuyasikiliza, nasi tukayajua yote.

Mzee Baharia umetaja hati na njia. Mimi nitataja majina. Mwajua Januari 1947 wafanyakazi wa mji huu, makuli na wa reli na wa majumbani, maelfu kwa maelfu, waliweka chini zana mji ukasimama? Akatokea Chege Kibachia kuwaongoza, serikali ya kikoloni ikamkamata na kumpeleka mbali. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena. Mishahara ya mji huu ilianzia pale. Haya, nenda Shimanzi unioneshe ukuta mmoja ulioandikwa hivyo.

Wakija na michoro yao wataacha kreni moja kama pambo, waipake rangi ya machungwa, wapige picha za harusi chini yake. Mimi sitaki pambo.


Baharia Mstaafu

Bintiye Kuli, mwanangu, Mungu amrehemu babako.

Kuhusu kreni nina kisa. Malmö, Uswidi, kulikuwa na karakana ya meli ya Kockums, na kreni lake la mita 138 lilionekana kutoka ng'ambo ya bahari, Denmark. Karakana ilikufa. Mwaka 2002 kreni likauzwa kwa Wakorea wa Hyundai kwa dola moja, likafunguliwa vipande, likapakiwa melini hadi Ulsan. Watu wa Malmö walisimama ufukweni wakilia, na kule Ulsan likapewa jina Machozi ya Malmö. Mahali pa karakana leo pana mnara uliopinda, Turning Torso, wa mita 190, na pana chuo kikuu. Mtaa mzuri, sikatai. Lakini mzee mmoja tuliyekunywa naye kahawa aliniambia kwamba asubuhi akiamka hutazama dirishani kulitafuta.


Kijana wa Jomvu

Wakubwa shikamooni. Mwazungumza hati na kreni, mimi naomba mtazame chini ya viatu vyenu.

Natoka karibu na Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007, kikafungwa 2014, na madini ya risasi yenye sumu yakabaki kwenye udongo, kwenye kuta, kwenye damu ya watoto. Mama Phyllis Omido aliyekuwa ameajiriwa humo humo alikuta mwanawe ameathirika, akaanza vita hivi, na 2015 dunia ikamtunuku Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa hukumu 2020: wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto wamekua, wengine wamezikwa.

Hicho kilikuwa kiwanda kimoja kilichofanya kazi miaka michache. Shimanzi kumewekwa mafuta kwa miongo. Karakana za meli hukwangua rangi, na rangi ya chini ya meli hutiwa sumu makusudi ili chaza na kome wasishike. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, maji yapita ndani yake kama chujio. Unayomwaga Shimanzi leo, kesho yako kisimani kwa mtu.

Kwa hivyo mwenye kutaka kujenga hapo aanze kwa kutoboa udongo na kuupeleka maabara, matokeo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili. Nimeona kwenye ramani wametia uwanja wa watoto kuchezea mchanga palipokuwa na tangi. Ile ramani haikuwa ya hapa, lakini wanaochora za hapa hunakili kutoka hizo.

Tena isisemwe haiwezekani. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilichimba mawe, wakaacha shimo jeupe lisilo na jani. Mwaka 1971 mtaalamu wao wa kilimo, René Haller, akaanza kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo wale sindano za mivinje wazigeuze udongo. Sasa ni msitu, twapeleka wageni wakaone viboko. Lakini ilichukua miaka, na aliyesubiri alikuwa mwenye kiwanda mwenyewe. Nani atasubiri Shimanzi?


Chizi wa Mwembe Tayari

Kwa hivyo kwa ufupi twahitaji majongoo elfu hamsini na Mjerumani mmoja mwenye hati. Naandika.


Mtu wa Unguja

Hahaha, huyo chizi apewe chai.

Mie nataka kutia neno kutoka ng'ambo. Forodhani yetu ilikuwa imechakaa, taa hakuna, ukuta wa bahari wabomoka. Ikafanyiwa kazi na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009. Kila mmoja aliogopa wauza chakula watafukuzwa, lakini jioni ukienda leo wapo, na urojo upo, na vijana waruka majini kutoka ukutani kama zamani. Bei imepanda, hilo kweli, na mgeni hutozwa kama mgeni. Ila bustani haina geti. Mkifanya lenu, anzieni na geti.


Nahodha Mdogo

Mimi ni mvuvi, Mtongwe, mtumbwi na mashua moja ya shirika na kakangu. Nyinyi nyote mwatazama bahari kutoka nchi kavu. Nami natazama nchi kavu kutoka baharini, na nawaambia kuta zaongezeka.

Diko ambalo babu alikuwa akipandishia samaki sasa lina ukuta na bougainvillea. Hakuna aliyetufukuza. Siku moja tulikuta nguzo, siku ya pili waya, siku ya tatu mtu na kitabu cha kuandikisha majina. Nikiandikisha jina kwenda kwa mashua yangu, nimekuwa mgeni wa nani?

Tena hao wachoraji wajue bamvua. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maji mafu ndiyo hupigwa picha, yametulia, yapendeza. Bamvua likikutana na mvua ya masika, mitaro hurudisha maji mjini, na mwenye nyumba ya chini ya mita fulani atalala juu ya meza.

Jambo la mwisho, fidia. Lamu walichimba bandari, wavuvi wakaenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikasema wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kushinda walishinda. Lakini ukisubiri kulipwa, samaki hawasubiri nawe. Afadhali niachiwe diko kuliko nilipwe nisivue.

Wema nao niseme: daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa 2022 na tuta lile la tangu Mwingereza likaondolewa, maji yalianza kupita tena kati ya Tudor na Port Reitz. Wazee kwetu wakasema kisiwa kimerudishiwa pumzi. Kwa hivyo si kila kazi ya bandari ni dhara.


Baharia Mstaafu

Nahodha, hilo la bamvua umenikumbusha jinsi Hamburg walivyolitatua. Wao walipigwa na gharika 1962, wakafa watu 315 mjini mwao. Walipojenga HafenCity hawakuzungusha ukuta mkubwa. Waliinua viwanja na barabara hadi mita 8 au 9 juu ya usawa wa bahari, na njia ya kutembea kando ya maji wakaiacha chini. Tufani likija, njia ile yafunikwa, milango ya chuma ya maegesho yafungwa, watu wapita juu. Maji yakishuka wanafagia tope. Kwa maneno mengine, walilipa bamvua chumba chake.

Na pale mwanzo mtaa ulikuwa wa matajiri watupu, jioni kimya kama makaburini. Watu wakalalamika. Baadaye mji ukaweka sharti kwamba theluthi ya nyumba mpya iwe ya watu wa kipato cha chini na cha kati kwa msaada wa serikali. Waliweza kuweka sharti kwa sababu kiwanja kilikuwa chao. Dalali, hapo ndipo mimi na wewe tunapopishana. Ukishauza, huna sharti, una ombi.


Dalali Mpole

Mzee nimekupata, na la theluthi silipingi. Lakini Hamburg ni mji na jimbo kwa pamoja. Hapa ardhi ya bandari ni ya Mamlaka ya Bandari, ya reli ni ya Shirika la Reli, na zote mbili ni za serikali kuu. Katiba ya 2010 imeipa kaunti mipango ya mji, bandari imebaki Nairobi. Kaunti itashikaje hati ya kitu ambacho si chake? Mizigo yenyewe ilipelekwa Nairobi na Naivasha kwa reli mpya mkaandamana Jumatatu hata Jumatatu, ikarudishwa kwa amri ya rais Septemba 2022. Kitu kinachokwenda kwa amri na kurudi kwa amri, mwekezaji gani ataweka miaka thelathini hapo?


Ramani na Rula

Hili ndilo neno zito kuliko yote kwenye uzi huu, na limesemwa na dalali. Subhanallah.

Cape Town walikuwa na tatizo la jamii hiyo. Gati za zamani za Victoria na Alfred zilikuwa za shirika la serikali la uchukuzi. Mwaka 1988 shirika likaunda kampuni ya kuziendeleza, ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Halafu 2006 wakauza. Mwaka 2011 nusu ikanunuliwa na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali. Yani mwalimu wa Limpopo akistaafu, sehemu ya pensheni yake yatokana na kodi ya maduka ya ufukweni. Mpango una kasoro zake, bei za pale si za mwalimu huyo. Ila ona mbinu: kabla ya kuuza, mwenye ardhi aliingia mwenyewe kwenye kazi. Na hawakuua bandari. Boti za uvuvi zingali zafunga, chelezo la Robinson la 1882 lingali latengeneza vyombo, na ghala la nafaka la 1924 limechongwa ndani likawa jumba la sanaa, Zeitz MOCAA, tangu 2017.

Kwetu yawezekana kampuni ya pamoja: bandari, reli, kaunti. Ardhi isiuzwe, ikodishwe kwa miaka maalumu, na diko, njia na ufuo vitolewe kabla ya kiwanja cha kwanza kukatwa, vipimwe, vipate hati zao. Kama havikupimwa, ni maneno.


Mkaazi wa Majengo

Nasoma tangu asubuhi nangoja mtu aseme, hakuna, basi nitasema mimi mama wa watu.

Mwasema hati, hati. Nusu ya sisi wa Majengo tuna nyumba bila ardhi. Nyumba ni yangu, niliachiwa na mamangu, vyumba sita, ukumbi katikati. Kiwanja ni cha mwenyewe, namlipia kila mwezi. Ndivyo Mombasa ilivyo tangu hapo, mgeni hulishangaa. Mtaa wa kifahari ukisimama Shimanzi, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, mwenye kiwanja ataamka siku moja aone kiwanja chake ni dhahabu. Hatanifukuza, atapandisha tu. Mimi sitahamishwa na tingatinga, nitahamishwa na risiti.

Nilishaona kwa jamaa zangu. Nyumba za mtaa wao wa zamani zilivunjwa zijengwe mpya, wakapewa fedha za kupanga kwengine kwa muda na ahadi ya kurudi. Wengine walirudi. Shangazi yangu hakurudi, yuko Mtwapa, na kila Ijumaa apanda matatu mbili kuja kuswali msikiti wake wa zamani.

Kwa hivyo hiyo theluthi ya Hamburg, nyinyi wenye rula, ipimeni na huku nje ya ukuta.


Kijana wa Jomvu

Mama, hilo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Nimenyamaza.


Chizi wa Mwembe Tayari

Mimi nilikuja kucheka tu sasa nina mawazo. Mzee, tufanye nini Jumapili?


Baharia Mstaafu

Tulifanya. Naleta taarifa.

Jumapili baada ya alfajiri tulikuwa saba: mimi, Bintiye Kuli, Ramani na rula yake kweli, Chizi, Dalali (alikuja, mpeni haki yake), na vijana wawili. Tulianzia Mnara wa Mbaraki, pale msikitini, ambapo mtu alikuwa ameacha ubani na chupa ya marashi kama desturi. Nia ilikuwa kufuata ufuo kadiri tuwezavyo, tukiandika kila njia iliyo wazi ya kushuka majini.

Njia ya kwanza ilikuwa na geti. Ya pili ilikuwa na geti na mbwa. Ya tatu Ramani alikuwa nayo kwenye karatasi, kwenye ardhi pana ukuta na mwembe umepita katikati ya ukuta, wamejenga wakauzunguka. Bintiye Kuli alipapasa gome lake, akasema babake alikuwa akifungia baiskeli hapo. Ya nne ilikuwa wazi, upana wa mkokoteni, imejaa taka, na mwisho wake vijana wanne wakivua kwa mshipi. Wakatukaribisha kama wenye nyumba.

Kwenye njia ya tano, getini, askari akatuuliza, kwa adabu, twaenda wapi. Nikamwambia baharini. Akatutazama kama watu waliopotea, akanyosha mkono upande wa kusini: "Bahari iko Mama Ngina, mzee. Wametengeneza vizuri, kuna hata viti."

Dalali ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa chini, ukingoni mwa barabara, akavua kofia. Hakusema neno la bei njia nzima ya kurudi.


Nahodha Mdogo

Kwa nini mwapitia magetini? Jumamosi ijayo ni bamvua, maji yatapwa kabisa asubuhi. Nitaleta mashua hadi Liwatoni, twaanza upande wa maji, ufuo wote twapita chini ya kuta. Huko hakuna askari. Ramani aje na karatasi, aandike kila ngazi na kila diko la zamani, mengine nayajua kwa majina, mengine itabidi nimpigie babu simu.

Njooni na viatu vya kuingilia majini. Chaza wa pale hukata.